Wavu wa Darasa la Tano

Ujiji, 14 Februari 1999

Kwa Mwalimu Elikana,

Salamu nyingi. Mimi ni Feliksi, baba yake Yuliana aliye katika darasa lako la tano hapo kambini. Hatujaonana, kwa sababu ulipopewa darasa hilo mimi nilikuwa nimeshatoka kuja kutafuta kazi huku Ujiji. Barua hii anakuletea Dismasi, Muha muuza maharage anayetoka soko la Mwanga kuja kwenye soko lenu. Ni mtu mwema lakini mdomo wake hauna kifuniko, kwa hiyo bahasha nimeifunga kwa uji mzito wa muhogo. Ukikuta imefunguliwa, niambie.

Sikusoma sana, Mwalimu. Nilifika darasa la nne kule kwetu Fizi, ng'ambo ya ziwa, halafu baba yangu akanipa kasia. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

La kwanza, mkaze Yuliana. Mpe hesabu, mpe imla, mpe Kifaransa, akikosea mpe tena. Siku vita vikiisha tukavuka ziwa kurudi, hakuna atakayemwuliza aliteseka vipi. Watamwuliza anajua nini. Mama yake hayupo, Mungu amlaze pema, na mimi sina cha kumwachia.

La pili ni siri, na ndiyo sababu ya uji wa muhogo. Yuliana na mama yangu, yaani bibi yake anayekaa naye, wanajua kwamba huku mimi navua. Sivui. Nilipofika niliwazungukia wenye vyombo wote wa pwani hii, na kila mmoja aliniuliza karatasi. Karatasi yangu ni ya kambi, na inasema nikae kambini. Mwenye chombo akikutwa majini na mtu kama mimi, chombo chake kinashikiliwa. Siwalaumu. Lakini mimi nimekulia ndani ya mtumbwi, na sasa naliangalia ziwa kama mtu anayeangalia nyumba yake ikikaliwa na wengine.

Nakamua mawese kwa Mzee Luqman. Mashine yake ni pipa la chuma lenye skrubu katikati, na juu ya skrubu kumefungwa mti mrefu. Mise, yaani matunda ya mchikichi, ikishachemshwa inatiwa ndani, halafu mimi na mwenzangu tunausukuma ule mti kwa vifua, tunazunguka, mafuta yanatoka chini. Kutwa nzima natembea na sifiki. Mzee Luqman si mtu mbaya. Jana aliniambia, "Feliksi, kwa mwendo uliokwisha kutembea hapa uani ungekuwa umeshafika kwenu." Akacheka peke yake.

Kidogo ninachopata nawatumia kwa mkono wa Dismasi. Mashati yaliyochanika nayo nayatuma, mama ananishonea. Kabla ya kuyatuma nayasugua kwa mchanga na kuyaloweka ziwani, yanuke ziwa.

Yuliana anajivunia baba mvuvi. Nilipoondoka niliwaachia wavu wangu wa migebuka. Nilianza kuushona nyumbani, na tulipokimbia niliuvaa shingoni kama shali. Haujaisha. Nilimwambia mtoto, "Huu nitakuja kuumaliza, na tutarudi nao." Anauamini wavu ule kuliko redio. Kwa hiyo tafadhali, akikuuliza habari zangu, mimi navua.

Naandika baada ya kunawa mikono kwa sabuni na mchanga, maana doa la mawese kwenye karatasi halifutiki.

Mimi,
Feliksi


Kambini, 3 Machi 1999

Mzee wangu Baba Yuliana,

Salamu kwa heshima. Barua yako imefika, na uji wa muhogo ulikuwa imara, imenibidi nichane pembeni. Siri yako nimeipokea na haitatoka kwangu. Ila imenikuta nimeshafanya jambo, na sasa sijui nilifanyeje.

Darasa langu ni turubai moja na watoto wengi kuliko mabenchi. Kitabu cha kusoma ni kimoja, na kurasa zake za mwanzo hazipo. Chaki ikija haidumu. Muda wote nimewafanya watoto wanakili ubaoni, na nikifuta ubao wanakuwa wameshasahau. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo kule Uvira. Nilinakili mito yote ya Ulaya, na mpaka leo nikipata homa naota nanakili. Nikachoka. Mwezi uliopita niliwapa kazi ya namna nyingine. Niliwaambia waonyeshe kazi anayoifanya mtu mmoja wa nyumbani kwao. Kila mtoto achague mwenyewe ni mtu gani, na achague namna ya kuonyesha. Anayetaka aandike. Anayetaka achore, aimbe, afinyange, aigize, au alete kitu alichokitengeneza. Mwisho wa muhula tutakaa siku nzima tutazame, na wazazi watakaribishwa.

Siku ya kwanza walikaa kimya kama watu walioshtakiwa. Kurwa, ambaye mama yake anauza kuni, akainua mkono: "Mwalimu, jibu sahihi ni lipi?" Nikamwambia hakuna. Akafikiri, akauliza, "Sasa utatuchapa kwa kosa gani?" Wiki haikuisha wakawa hawataki kwenda nyumbani.

Yuliana wako amechagua uvuvi wa baba yake. Ameleta wavu, kwa ruhusa ya bibi. Anataka kuuendeleza mbele ya darasa huku akieleza. Fundo analijua, anasema ulimfundisha. Kuna kitu kimoja tu hana hakika nacho, na amekiandika hapa chini kwa mkono wake.

Mimi nimekwama, Mzee. Nikimwambia achague kitu kingine ataniuliza kwa nini, na sina la kumjibu bila kuivunja siri yako. Nisaidie.

Mwalimu Elikana

Baba, ulikuwa unasema jicho la wavu ni vidole viwili. Mimi nikiweka vyangu kwenye macho uliyoyashona wewe, vinaingia vitatu. Nifuate viwili au vitatu? Na huko chomboni wanapimaje? Nijibu upesi, wenzangu wananisubiri. Yuliana.


Ujiji, 16 Machi 1999

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na kote imeniudhi.

Nakuuliza kwa heshima. Mimi nilikuomba hesabu na imla. Wewe umewapa watoto kuchagua. Nani alikutuma? Mtoto wa kambini anachagua nini? Chakula hachagui, anakula kilichotolewa. Pa kulala hachagui. Vita hakuvichagua. Anaingia darasani, mahali pekee ambapo mtu mzima angemwambia fanya hiki, acha kile, naye huyo mtu mzima anamwambia chagua.

Ungewapa ng'ombe wachore. Wote, ng'ombe mmoja, miguu minne, mkia nyuma. Aliyekosea mkia anajulikana amekosea mkia. Hakuna mtoto ambaye ng'ombe angemletea matatizo.

Sasa tazama. Kati ya kazi zote duniani, mtoto wangu amechagua ile ambayo sinayo tena. Atasimama mbele ya kambi aseme baba yangu anavua, na wanaume kadhaa watakaokaa pale wameshafika Ujiji kutafuta kibarua. Wameniona nikizunguka. Watacheka, na yeye hatajua wanacheka nini. Ataangalia nguo yake kama imechanika.

Mwambie arudishe wavu chini ya mkeka wa bibi yake, achore ng'ombe. Mwambie ni mimi nimesema.

Mzee Luqman aliponiona nimeing'ata kalamu aliuliza, "Nani kakukosea?" Nikasema mwalimu. Akasema, "Afadhali wako anakukosea kwa barua. Wangu alikuwa na kiboko." Sikucheka.

Kwa Yuliana: Mwanangu, achana na wavu. Soma. Usiniulize mambo ya chomboni, nina kazi nyingi. Baba.

Feliksi


Kambini, 2 Aprili 1999

Baba Yuliana,

Mvua ilikata barabara mbele ya Kidahwe, na barua yako imekaa ndani ya gunia la maharage la Dismasi mpaka ikashika harufu ya gunia. Imenifikia jana. Una haki ya kukasirika, sikatai. Lakini imekuta mambo yameshakwenda.

Yuliana alilisubiri jibu lako. Lilipochelewa aliamua mwenyewe. Alisimama mbele akatangaza, "Jicho ni vidole vitatu. Nimepima." Akaanza kushona. Wenzake wakamzunguka. Kurwa, aliyekuwa amechagua kumwimba mama yake, akaacha kuimba akaomba uzi. Mwingine akaacha udongo wake ukauke. Sikuwakataza. Kama kuchagua ni kwao, na kubadili ni kwao pia. Uzi ulipokwisha walichambua nyuzi za magunia ya plastiki ya mahindi wakazisokota. Sasa kila mtoto ana safu yake. Nimeshaona darasa limekaa kimya kwa woga. Hili lilikuwa kimya kwa kazi, na mimi nilikuwa sijawahi kuliona.

Wavu wako umekua, Mzee. Ukiukunjua unatoka ubaoni unafika mlangoni. Nilidhani habari hii itakufurahisha kidogo.

Kuhusu ng'ombe: wengi wa watoto hawa wamezaliwa ukingoni mwa ziwa kama wewe. Ng'ombe walimwona wakati wa kukimbia, na yeye ng'ombe alikuwa anakimbia vilevile. Sidhani wangeukumbuka mkia.

Ujumbe wako kwa Yuliana nimempa. Ameusoma, akaukunja mpaka ukawa mdogo kama punje, akaniuliza kama kuna karatasi nyingine. Nikasema hakuna. Akarudi kukaa.

Mwalimu Elikana


Ujiji, 12 Aprili 1999

Mwalimu Elikana,

Vidole vitatu vya nani?

Samahani kwa kuanza bila salamu. Dismasi alinikabidhi barua yako pale mashineni, nikamwuliza kama ameuona wavu. Akasema, "Nimeuona! Wavu mzuri, una macho ya kila namna, makubwa kwa madogo, kama watu wa sokoni." Nikauachia mti. Mwenzangu akajikuta anasukuma peke yake, akaangukia kwenye makapi.

Nakueleza ingawa hukuniuliza. Mtoto wangu alipima jicho nililolishona mimi, akakuta vidole vyake vitatu vinaingia. Vyake yeye. Akawatangazia wenzake vitatu, na kila mtoto akapima kwa vya kwake. Mwenye vidole vinene ameshona jicho ambalo mgebuka atapita na mizigo yake yote. Mwenye vidole kama njiti ameshona jicho ambalo hata dagaa atagonga kichwa. Wavu wa namna hiyo ukiutia majini, pale macho yanapobadilika unavutana wenyewe kwa wenyewe mpaka unakatika. Na nyuzi za gunia! Zile hazizami, Mwalimu, zinaelea. Mmenishonea wavu wa kuvulia upepo.

Ndiyo matokeo ya kila mtu kuchagua. Kuna vitu lazima viwe sawasawa hata kama havipendezi.

Wavu ule ndio ulikuwa kitu pekee nilichobaki nacho. Kila nilipokuwa nazunguka na ule mti kifuani nilikuwa najiambia, Feliksi, wewe ni mtu mwenye wavu, ila kwa sasa unakamua mawese. Kwa maneno hayo siku ilikuwa inakwisha. Sasa nijiambie nini?

Nataka Yuliana ahamie darasa la Mwalimu Gervasi. Nasikia ni mtu wa imla na fimbo, na watoto wake wanahesabu kwa Kifaransa bila kukwama. Mhamishe. Ukikataa nitakuja mwenyewe, na nikikamatwa njiani bila kibali, hilo nalo utakuwa umelichagua wewe.

Feliksi


Kambini, 26 Aprili 1999

Baba Yuliana,

Jambo la vidole sikulifikiria. Mimi ni mtu wa mjini, wavu nilizoea kuuona ukiwa tayari na samaki. Niliona watoto wana raha nikadhani inatosha. Baada ya barua yako nimepitisha kidole safu kwa safu, na ni kama ulivyosema. Kwa wavu nakuomba radhi.

Kwa lile lingine siombi. Unanilaumu kwamba nimewaachia watoto waamue. Lakini Yuliana hakutaka kuamua. Aliuliza swali moja lenye jibu moja. Ungemwambia viwili vya kwangu, vitatu vya kwako: maneno hayo hayajazi hata mstari. Wewe ndiye unayetaka jibu sahihi darasani, na siku ulipoulizwa jibu sahihi ulimwambia una kazi nyingi. Mtoto akabaki na vidole vyake.

Nimezungumza na Mwalimu Gervasi, amekubali kumpokea. Atahama baada ya siku ya kuonyesha kazi, ambayo ni Jumamosi hii. Niachie mpaka hapo.

Ila kuna jipya. Yuliana amejitoa kwenye wavu. Juzi aliukunja mbele ya wote akawaambia kila mtu arudi kwenye kile alichochagua mwanzo. Kurwa akapiga kelele, "Si umetuita wewe?" Yuliana akamjibu, "Niliwaita, sasa nawafukuza." Wakagombana mpaka darasa la jirani likaja kutazama. Nimemwuliza sasa ataonyesha nini. Hasemi. Ameniomba mti mrefu na kamba, basi.

Na mimi nimechoka, Mzee. Watu wa shirika linaloendesha shule wananiambia kazi hii haina alama za kujaza kwenye taarifa. Wazazi wengine wanasema nacheza na watoto wao. Wewe unanitukana kwa ng'ombe. Nilitaka watoto wapende kuja darasani, na nilichonacho leo ni watoto walionuniana na wavu usiovua.

Elikana


Kambini, 4 Mei 1999

Baba,

Shikamoo. Neno hili tumejifunza kwa watu wa hapa. Bibi halipendi, anasema ukimwamkia hivyo anazeeka zaidi. Anakusalimia, mgongo wake una nafuu.

Mwalimu amesema nikuandikie mwenyewe, kwa sababu yeye na wewe mmeshagombana vya kutosha.

Nilipopata ule ujumbe wako niliona una kasoro. Wewe mtu akikuuliza habari za wavu unamjibu kabla hajamaliza kuuliza. Kule nyumbani ulikuwa unaongea nyavu mpaka mama anakuwekea chakula mapema ili unyamaze. Halafu nimekuuliza mimi, ukaniambia nisome. Nikasema, ama huyu si baba, ama baba yuko mahali ambapo hakuna nyavu.

Nikamngoja Dismasi sokoni. Nikamwuliza, "Baba anavua kwenye chombo cha nani?" Akacheka akashika mbavu. "Chombo cha baba yako hakina maji chini yake, mwanangu. Kinazunguka palepale." Halafu akajiziba mdomo, akasema alikatazwa. Nikamwambia amalizie tu, maana ameshaanza. Akanieleza mti, na skrubu, na Mzee Luqman. Usimgombeze, alinipa maharage ili nisiseme ni yeye.

Nikaenda kumwambia bibi. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anashona kwapa la shati lako la mwisho. Akaninusisha kola. Akasema, "Mvuvi gani ananuka mawese? Mimi nilijua tangu shati la kwanza. Nyamaza, anajisikia vizuri akidhani hatujui." Nikamwambia mimi siwezi kunyamaza, Jumamosi nina kazi ya Mwalimu.

Mwalimu alisema tuonyeshe kazi ya mtu wa nyumbani. Hakusema kazi aliyoiacha. Ndiyo maana nikaukunja wavu.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka wengine walikaa nje ya turubai. Tulisimamisha nguzo, nikaufunga mti. Nikavaa shati lako juu ya gauni, likanifika magotini. Nikaweka kifua kwenye mti nikaanza kuzunguka. Sikusema kitu. Walicheka. Mzee mmoja akauliza, "Huyu ni punda wa nani?" Kurwa bado alikuwa ameninunia, akajibu, "Wa baba yake!" Wakacheka tena, na Mwalimu hakuwanyamazisha. Nikazunguka. Nilizunguka mpaka wakaacha kucheka, halafu mpaka wakachoka kutazama, halafu mpaka mimi mwenyewe nikaanza kupepesuka. Bibi alitaka kusimama, Mwalimu akamshika mkono. Yule mzee akauliza tena, sasa si kwa kucheka, "Binti, unakamua nini? Mbona hakitoki kitu?"

Nikasimama. Nikalivua shati, nikaligeuza, nikalinyanyua waone lile doa la kifuani, pale mti unapokugusa. Nikasema, "Kimeshatoka. Ndicho tunachokula mimi na bibi." Nikaenda kukaa.

Hawakupiga makofi. Mama mmoja alitoka nje. Mwalimu hakusema vizuri wala vibaya, alisema, "Anayefuata." Alikuwa Kurwa. Alianza kuimba akakwama, akaanza tena.

Baba, sina hasira. Nina hasira kidogo. Nilikuwa najivunia kitu ambacho hakipo, na kile kilichopo ulininyima.

Wiki ijayo nahamia kwa Mwalimu Gervasi kama ulivyosema. Wavu uko chini ya mkeka. Bado hujanijibu. Ni viwili au vitatu?

Yuliana


Ujiji, 17 Mei 1999

Yuliana mwanangu,

Barua yako imenikuta mashineni, nimeisomea hapohapo.

Kwanza, nimewakasirikia nyote. Mama yangu alijua! Mimi kila shati nalisugua kwa mchanga mpaka vifungo vinang'oka, nalilowesha ziwani nikiangalia nyuma kama mwizi, na yeye ananusa kola anajua, halafu ananitumia salamu "pole na mawimbi." Mwambie nimesikia. Mwambie pole na yeye.

Pili, Dismasi anasema siku ile mlipoonyesha alikuwapo, na ulikuwa unazunguka kushoto. Kushoto ni kufungua skrubu. Kukamua ni kulia. Kwa mwendo wako ungezunguka mpaka Krismasi usipate tone. Ukirudia, rudia kulia.

Tatu ni lile shati. Nina siku kadhaa nalifikiria. Nilimsomea Mzee Luqman kipande hicho. Aliniambia nirudie. Halafu akasema, "Mwambie mtoto doa hilo halitoki, asihangaike kulifua." Ndiyo nakwambia.

Uliandika kwamba nilikunyima. Niliona nakupa. Niliona mtoto akiwa na baba mvuvi analala vizuri kuliko mtoto mwenye baba anayezungushwa. Sikujua kwamba niliyekuwa namlaza ni mimi mwenyewe.

Usihame. Baki kwa Mwalimu Elikana. Mwambie sijakubaliana naye, nimechoka tu kubishana. Lile la jibu sahihi alilonipiga nalo limenifika. Na muhula ujao awape ng'ombe, hata mara moja tu, nami nipumue.

Sasa wavu. Ile sehemu ya wenzako haitavua kitu, hilo sibadili. Unaweza kuifumua yote mpaka ufike kwenye safu zangu, uanze upya. Au unaweza kuiacha ilivyo, uanzie upande wa pili wa safu zangu, na ile ya darasa iwe inaning'inia. Mvuvi angefumua. Lakini mimi kwa sasa nakamua mawese, kwa hiyo amua wewe. Unaona? Ugonjwa wa mwalimu wako umenipata na mimi.

Jibu lako ni hili. Ni viwili, lakini vya kwangu. Usipime kwa vyako, wala kwa vya Kurwa. Nimelaza mkono wangu nyuma ya karatasi hii nikauzungushia kalamu. Ni wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio ulioshika kalamu. Tazama kidole cha shahada na cha kati, vimebanana. Chonga kijiti cha upana huo, na yeyote atakayeshona apime kwa kijiti hicho.

Hapo kwenye kiganja utaona doa. Sikunawa.

Baba